Ghala la Spika

Kabla mgonjwa hajapasuliwa, Nesi huuliza maswali yaleyale kila siku, na madaktari wa chumba cha upasuaji wameshamzoea. Huyu ni nani? Anafanyiwa nini? Upande gani? Akishajibiwa haangalii namba ya kitanda, huinua mkono wa mgonjwa na kusoma utepe uliofungwa kwenye kifundo. Vitanda huhamishwa, na kitanda si mtu. Daktari mmoja mwenye haraka zake aliwahi kumwambia kwamba anawachelewesha, naye akamjibu kwamba figo nzima ikishatolewa hakuna tena cha kuwahi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemgusia habari hizo.

Ingependeza tuseme kwamba mtu huyo, Jumamosi ile baada ya chakula cha mchana nyumbani kwa wazazi wake, alifanya kazi kwa namna hiyohiyo. Hakufanya. Mganga hajigangi, na nesi naye akiingia kwa mama yake huwa mtoto tu kama watoto wengine.

Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa mashine. Lilikuwa sanduku jeusi lililokaa rafu ya chini kabisa kwenye chumba cha nyuma, kati ya cherehani ya Mama na spika kuukuu zilizopangwa hadi dirishani. Usoni lilikuwa na milango minne myembamba iliyosimama bega kwa bega, na nyuma ya kila mlango mlikuwa na diski moja. Baba ndiye aliyelinunua, akaliunga mwenyewe, akaliita Ghala. Nyumba nzima ikalijua kwa jina hilo, na bibi mmoja jirani aliwahi kuuliza kwa nini watu hawa wana ghala lisilo na hata kiroba cha unga.

Unga haukuwamo, ni kweli. Iliyokuwamo ni sauti. Baba yake Nesi watu walimwita Spika kwa sababu maisha yake yote alikodisha vipaza sauti vya harusi, mikutano na mahafali, na kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na maiki zake, akaishia kuwa mshereheshaji vilevile. Alikuwa na sauti nzito, tulivu, ambayo watoto waliolia waliisikia wakanyamaza na walevi waliosimama waliisikia wakakaa. Kila shughuli aliirekodi, na kila rekodi aliiweka Ghalani.

Kisha uvimbe ukamwota kooni. Madaktari walimwambia wazi: uhai au zoloto, kile kiungo cha kooni kinachotoa sauti. Akachagua uhai, kama ambavyo mtu yeyote angechagua, na akatoka hospitali na tundu dogo shingoni, mikono iliyokuwa ikitetemeka kwa dawa, na ubao mweupe wa kuandikia wenye ukubwa wa sahani. Sauti haikutoka naye.

Lakini hospitali ilimwachia tumaini moja. Kulikuwa na kifaa cha kusemea: unaandika, chenyewe kinatamka. Na mtaalamu wa matamshi alisema kifaa hicho kinaweza kufundishwa kutamka kwa sauti ya Spika mwenyewe, mradi aletewe rekodi zake, nyingi na safi. Azilete Jumatatu. Asipozileta, basi kitatumia sauti kilichotoka nayo kiwandani. Spika alipoonjeshwa sauti hiyo ya kiwandani, sauti kavu ya mwanamume asiyejulikana kwao wala kwa mjomba, aliandika ubaoni: HUYU ASIONGEE NA MKE WANGU.

Nesi alicheka siku hiyo mpaka machozi yakamtoka, halafu akaenda chooni akalia kwelikweli.

Na wiki hiyohiyo, kama vile balaa lilikuwa likisubiri zamu yake, Ghala likaanza kugonga.

Aliyesikia kwanza ni Spika. Masikio yake hayakuguswa na kisu, na masikio ya fundi wa sauti hayastaafu. Alipiga magoti kwa shida, akaweka sikio kwenye sanduku, akasikia mlio mdogo mkavu ndani: tak. Kimya. Tak-tak. Akaandika: TATU INAKUFA. Nesi alipofungua ukurasa wa Ghala kwenye kompyuta, akakuta maneno ya njano yakisema hivyo hivyo, kwamba Diski 3 ina kasoro na ibadilishwe mapema.

"Na hizi rekodi, Baba, kuna nakala mahali pengine?" Nesi aliuliza.

Spika alionyesha Ghala.

"Nje ya Ghala."

ZIKO NNE, aliandika baba yake, akainua na vidole vinne kama mtu anayemfundisha mtoto.

Jibu hilo halikumkaa Nesi vizuri, ila hakubisha. Alikuwa ameshaeleweshwa jinsi zile diski zinavyofanya kazi: ni watu wanne waliobeba meza moja. Mmoja akianguka, watatu wanaweza kuihimili mpaka aje wa kumrithi. Wakianguka wawili, meza iko chini na vyombo vyote vimevunjika, na hakuna wa kuviunga. Akaona mmoja tu ndiye mgonjwa, basi atolewe huyo aingie mzima. Tena akanunua diski kubwa mara mbili ya zile za zamani, ili wakishamaliza hiyo waendelee kubadilisha nyingine moja moja, mpaka Ghala lote lipanuke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alijiambia, na akajiona mwenye busara.

Jambo moja hakulijua. Na ili msomaji asimlaumu bure, inafaa tuseme habari za Mama.

Mama na Ghala walikuwa hawaelewani tangu siku lilipoingia ndani. Linakula umeme. Linavuma. Linavuta vumbi, na vumbi likitoka pale linakwenda moja kwa moja kwenye nguo za wateja wake. Kila Mama alipolikaribia na kitambaa, Spika alinguruma kutoka chumba kingine, "Usiguse!" na Mama akanguruma vilevile, "Basi njoo ufute mwenyewe!" na ugomvi ukaanza, mtamu, wa kila siku, ambao majirani walishautambua kama wengine wanavyotambua kengele ya shule. Hakuna aliyeshinda hata siku moja, na hakuna aliyetaka kushinda.

Baada ya upasuaji Mama aliacha. Nesi alimwuliza mbona amekuwa mpole ghafla. "Utagombanaje na mtu asiyeweza kukujibu?" Mama alisema. "Huo si ugomvi, huo ni uonevu." Basi akawa anafuta vumbi kimyakimya, bila kuuliza na bila kukatazwa, na nyumba ikawa na utulivu ambao haukumfurahisha hata mmoja wao.

Jumamosi ile Nesi alitandika taulo safi juu ya meza ya cherehani, akaweka bisibisi, akaweka diski mpya ikiwa bado ndani ya mfuko iliouziwa. Kwa mazoea ya kazini alikwisha kupiga picha ukurasa wa Ghala kwa simu, wote, mpaka yale maandishi madogo yanayochosha macho. Spika alikaa kwenye kigoda mbele ya kompyuta. Tangu alipopiga magoti siku ile shingo haikumruhusu kuinama tena, kwa hiyo Ghala lenyewe, kule chini nyuma ya mguu wa cherehani, hakuliona. Aliona skrini tu, na mgongo wa binti yake.

"Haya," Nesi alisema akipiga magoti. "Mgonjwa ni nani?"

Spika alitabasamu. Akainua vidole vitatu.

"Tunaitoa diski Ghala likiwa linafanya kazi? Una hakika linaruhusu?"

Akatikisa kichwa kukubali. Ghala lake lilikuwa la namna hiyo, unabadilisha diski bila kulizima. Alikuwa amelisifia jambo hilo kwa miaka.

Nesi alisoma vibandiko vya milangoni kutoka kushoto: moja, mbili, tatu, nne. Vilikuwa vimenyooka vizuri, vimepangika. Akaukamata mlango wenye tatu, akabonyeza kishikizo, akavuta. Diski ikatoka na joto lake, akailaza juu ya taulo. Akaifungua diski mpya, akaifunga kwenye trei iliyokuwa imebeba ile ya zamani, akaisukuma ndani mpaka ikalia klik. Ikaanza kuzunguka kwa sauti nyororo. Ilikuwa rahisi mno, na mikono yake ilitulia kama ya mtu aliyekwisha kumaliza.

Akasimama, akajipangusa magoti, akainama juu ya bega la baba yake. Kwenye skrini maandishi mekundu yalijaa juu, lakini wekundu aliutarajia. Diski ikitolewa, Ghala lazima lilalamike. Chini yake palikuwa na swali: Diski mpya imeonekana. Ijengwe upya? Nesi akabonyeza ndiyo. Swali la pili likaja, kama yanavyokuja siku zote: Una uhakika?

Hapo ubao ukaruka.

Ulipita karibu na sikio lake, ukagonga cherehani, ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Nesi aligeuka. Baba yake alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka, na kwenye lile tundu hewa ilikuwa ikitoka kwa mfoko mkali, fuu, fuu. Ndivyo mtu huyu alivyokuwa akipiga kelele siku hizi. Lakini Nesi ni nesi. Alichoona yeye ni mgonjwa aliyezibwa njia ya hewa. Aliiacha kompyuta, akamrukia baba yake, akamshika kidevu.

"Baba! Tulia, vuta pumzi, nione!"

Spika akaisukuma mikono yake. Akaonyesha sikio. Akaonyesha chini, Ghalani. Sikio tena.

Nesi akatega sikio.

Feni ya Ghala ilivuma. Diski mpya ilizunguka. Na ndani humo, wazi kabisa, kutoka upande wa kulia: tak. Kimya. Tak-tak.

Aliitazama diski iliyolala juu ya taulo. Ilikuwa kimya kama jiwe, na kama mgonjwa angekuwa huyo, basi mlio ule ungekoma alipotolewa. Mgonjwa alikuwa bado ndani. Aliyelazwa juu ya taulo alikuwa mzima.

Katika mafunzo ya kazini huwa wanasimuliwa kisa cha mtu aliyeamka akakuta mguu mbovu upo na mzima umekwenda, na kila mwaka Nesi husikiliza kisa hicho akijisemea kwamba yeye, maishani mwake, jambo kama hilo haliwezi kumtokea. Meza ya Spika sasa ilishikwa na watu watatu, na mmoja wao alikuwa akikata roho. Na yeye kidole chake kilibakiza mbofyo mmoja tu kuwaamuru watatu hao wabebe, wapande ngazi, wajenge diski mpya kutoka mwanzo. Yule mgonjwa asingefika. Angeanguka njiani, na sauti yote ya baba yake ingeanguka naye.

"Kuna nini huku?" Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha vumbi mkononi. "Nani amerusha vitu?"

"Mama, nani amezigusa hizi namba?"

"Namba zipi?"

"Hivi vibandiko! Moja, mbili, tatu, nne!"

"Ah, hizo." Mama alivuta uso. "Zilikuwa zimebanduka kwa joto, nikazibandika upya kwa gundi. Tena zilikuwa ovyo. Nne, mbili, moja, tatu, kama meno ya mtoto. Nikasema nyumba gani hii isiyojua kuhesabu, nikazipanga." Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Kwani vipi? Nimekosea?"

Spika alikuwa amekaa tena, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Zamani Mama angeuliza kabla ya kugusa, au asingeuliza na mtu angemngurumia, na namba zingebaki ovyo vile vile, na salama. Ukimya ndio ulioupanga mstari ule.

Tak-tak. Tak. Mlio uliongezeka kasi. Skrini ikaganda, likabaki duara dogo likizunguka.

"Mbona limeanza kukimbia hivyo?" Mama alisema, na sasa sauti yake ilikuwa na woga. "Chomoa waya! Zima, zima!"

Nesi alishaushika waya wa umeme. Spika akainua kiganja: ngoja. Akaokota ubao uliopasuka pembeni, akaandika neno moja. ZIMA. Halafu chini yake, TARATIBU.

Nesi aliuachia waya. Alirudi kwenye kompyuta, akasubiri skrini iachie, akalifuta lile swali la kujenga, akaamuru Ghala lijizime lenyewe kwa utaratibu wake, likiwa limefunga kila lililokuwa limefunguka. Kisha hakukuwa na la kufanya isipokuwa kusimama. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote za siku ile. Taa zilipepesa, mlio uligonga, Mama alisoma dua kwa kunong'ona. Kila tak Nesi aliisikia kama ya mwisho. Alitamani kuvuta waya, alitamani sana, na alijua kwamba ukikata umeme katikati ya kazi unaweza kuharibu hata kile ambacho ugonjwa haujakiharibu.

Feni ikapungua. Taa moja ikazimika, ya pili, zote. Ghala likanyamaza.

"Mama," Nesi alisema, na mwenyewe akashangaa jinsi sauti yake ilivyorudi kuwa ile ya kazini, "vaa miwani. Kuna kazi."

Alizitoa diski zote, moja baada ya nyingine, akazilaza kwenye taulo kwa mpangilio wa milango yao. Akaing'oa diski mpya kwenye trei, akairudishia trei ile ya zamani, na hiyo mpya akaitia tena kwenye mfuko wake. Juu ya kila diski ya zamani palikuwa na namba ndefu ya kiwandani, yenye herufi na tarakimu zilizochanganyika, ambayo haifanani na ya diski nyingine popote. Na namba hizohizo zilikuwamo kwenye ile picha ya simu, katika maandishi madogo yanayochosha macho, kila moja mbele ya diski yake. Huo ndio uliokuwa utepe wa mkononi. Muda wote Nesi alikuwa nao mfukoni, na akaenda kusoma namba ya kitanda.

"Mimi nasoma diski, wewe unasoma simu," alimwambia mama yake. "Tukipishana hata herufi moja, sema. Usinionee haya."

"Nikuonee haya wewe? Nimekuosha mavi."

Wakasoma. Herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, Mama akiwa ameisogeza simu mpaka puani na kutamka kila namba kama anayehesabiwa chenji na mtu asiyemwamini. Nesi alichukua kijipande cha utepe wa kushonea kwa kila diski, akaandika jina lake la kweli, akakifunga kwenye mpini wa trei. Vibandiko akavibandua vyote. Ya kwanza kushoto ikatoka kuwa Nne. Ya pili, Mbili. Ile iliyokuwa imelazwa kwenye taulo peke yake, Moja. Na ya mwisho kulia, ambayo mwanzoni Nesi hakuigusa hata kwa kidole, ilikuwa Tatu.

"Lakini moja inakaaje nafasi ya tatu?" Mama alijisahau.

NILIZIPA NAMBA KWA UMRI, Spika aliandika.

"Kwa umri! Watu hupewa namba kwa kukaa..." Mama akaziba mdomo. Akarudi kuwa mpole.

Wakazirudisha zote mahali pake pa zamani, na mgonjwa miongoni mwao. Nesi akatazama swichi, akamtazama baba yake. "Baba, Tatu ikikataa kuamka, na hiyo Moja ikakataliwa kwa sababu ilitolewa ghafla..."

Hakumaliza. Spika aliusogeza mkono wa binti yake, akabonyeza mwenyewe. Kama kuna wa kuiua sauti yake, basi awe yeye. Nesi alilielewa hilo, na lilimuuma.

Taa ziliwaka. Diski zikaanza kuzunguka moja moja, na ya mwisho, kwa kusuasua, ikaanza pia. Tak. Tak-tak. Safari hii Nesi aliufurahia mlio ule kuliko muziki wowote.

Ukurasa ukafunguka. Diski 1 imerejea. Inasawazishwa. Ghala lilikuwa likiiangalia ile Moja iliyofukuzwa kimakosa, likiipa yale machache yaliyoandikwa ilipokuwa nje, na kwa kazi hiyo lilimtegemea yule anayekata roho. Mstari mdogo wa kijani ulianza kutambaa. Spika alikuwa ameshuka kigodani, shingo isiyoinama ameiinamisha, kiganja juu ya Ghala. Mlio ukaharakisha. Tak-tak-tak. Tak-tak-tak-tak.

Halafu ukakatika.

Kimya kilichofuata Nesi alikijua. Ni kile cha chumba cha upasuaji mashine ya mapigo inapobadilisha sauti na kila mtu anainua macho. Spika aliondoa kiganja. Alimtazama binti yake, na usoni mwake palikuwa na swali moja tu, wala halikuhitaji ubao.

Kwenye skrini duara lilizunguka. Likazunguka. Mama alikuwa amemshika Nesi mkono, anaubana mpaka kucha zinaingia.

Ukurasa ukajisoma upya. Diski 1, nzima. Diski 2, nzima. Diski 4, nzima. Diski 3, haijibu. Na juu yao: Ghala linafanya kazi kwa upungufu.

"Imekufa," Nesi alisema. "Imekabidhi zamu kwanza, ndipo ikafa." Akakaa sakafuni pale pale, akacheka kicheko kilichokaribia kuwa kilio.

"Haya, ingiza ile mpya basi," Mama alisema. "Unasubiri nini tena?"

"Haiingii leo."

Spika alikunja uso.

"Nisikilize, Baba. Diski nne si nakala nne. Ni nakala moja iliyogawanywa mafungu. Nikianza kujenga sasa na mmoja wa hawa watatu akichoka, tumekwisha. Hii mpya naiunga kwa waya kwenye kompyuta, nanakili sauti yako kwanza, na naitoa nje ya Ghala. Ya kuingiza humu nitanunua nyingine. Sifungui tumbo la mtu bila damu ya akiba."

Spika aliandika polepole, akauinua ubao. SAWA DAKTARI. Kwa kawaida alimwita hivyo kwa kumtania, lakini mara hii hakutabasamu.

Kunakili kulichukua alasiri yote. Harusi kwa harusi, mahafali kwa mahafali, majina ya mafaili yalipita kwenye skrini na hakuna aliyetoka chumbani. Mama alileta chai, akasahau kuimimina. Jua lilipohamia ukuta wa upande wa pili, mstari ulifika mwisho, na Nesi akasema kwamba nakala ambayo haijafunguliwa si nakala, ni matumaini. Akaunga kompyuta na spika moja kuukuu. Akachagua faili lolote kutoka kwenye diski mpya, hata jina hakulisoma.

Kulikuwa na mkwaruzo. Kisha chumba kikajaa.

"Haloo, haloo. Jaribio, jaribio. Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Nesi alishika mdomo. Tangu mwanzo wa mwaka hakuwa ameisikia, hakuthubutu kuisikiliza, na sasa ilikuwa imesimama katikati yao, nzima, nzito, haina hata kovu. Spika alifumba macho. Mama, ambaye hakuweza kukaa bila kazi, alikuwa akiifuta vumbi ile spika ilipoanza kusema, na kitambaa kikabaki pale pale.

"Moja. Mbili," sauti ilirudia. Halafu ikageuka pembeni, mbali na maiki, ikanguruma: "Wewe! Mama Nesi! Usiguse!"

Mama aliuvuta mkono wake kama aliyeungua.

Aliutazama mkono huo. Akaitazama spika, akamtazama mumewe aliyekaa kimya kwenye kigoda. Machozi yakamtiririka bila kujizuia, na kutoka katikati ya machozi hayo Mama akanguruma kwa sauti iliyofika kwa majirani:

"Sigusi, nafuta vumbi! Ungekuwa unafuta mwenyewe ningegusa? Na umesikia unavyohesabu? Moja, mbili, tatu, nne! Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako! Hiyo nne, mbili, moja, tatu ulijifunza shule gani?"

Mabega ya Spika yalianza kutikisika. Hewa ilimtoka shingoni kwa vipande vipande, fu, fu, fu, na ilimchukua Nesi muda kutambua kwamba baba yake anacheka. Spika akavuta ubao, akaandika kwa herufi kubwa, akamwinulia mkewe usoni: 4, 2, 1, 3.

Mama akaufuta kwa kitambaa cha vumbi, akanyakua kalamu. Spika naye akaishika kalamu hiyohiyo upande wa pili. Nesi hakuwaamulia. Aliichomoa ile diski yenye nakala, akaifunga ndani ya taulo, akaipeleka kwenye kabati la chumba kingine, na huku nyuma akawaacha wagombane.